Mkono Uliokulisha

Sifa, binti yangu,

Umekwenda na mama yako sokoni kutafuta kamba ya kufungia mzigo, na mama yako akiingia sokoni hatoki upesi. Nimekaa kwenye meza yako ya shule, nimeng'oa karatasi za katikati katika daftari lako la zamani. Kesho asubuhi pikipiki ya Salamabila inakuja kukuchukua, ikupeleke kwa shangazi yako. Kuna mambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo miaka yote hii, na najua nikikuangalia usoni hata leo nitashindwa. Kwa hiyo naandika.

Habari ya nguo, ya chandarua, ya kumsikiliza shangazi yako na kutotoka bila kumuaga, mama yako ameshakuambia, tena zaidi ya mara moja. Mimi sirudii.

Nianze na jino lako la mbele, lile lililokatika kona. Tulikuambia ulianguka kwenye baiskeli ya mjomba wako. Hukuanguka kwenye baiskeli. Jino lile nililivunja mimi, kwa mpini wa kijiko, siku kifafa kilipokuangusha mara ya kwanza. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba mgonjwa wa kifafa atameza ulimi wake asipowekewa kitu mdomoni. Nikaingiza kijiko kwa nguvu, nikasikia jino likikatika. Ulikuwa na miaka tisa.

Najua unakikumbuka kile kifafa kwa mbali. Unakumbuka kidonge cha kila jioni na sindano za hospitali. Uliponiuliza kilitoka wapi, nilikujibu kila mara, "Ni ugonjwa tu mwanangu, na umekwisha." Umekwisha kweli, namshukuru Mungu. Lakini kilitoka kwangu, Sifa. Nataka ujue kilivyotoka, kwa sababu unakwenda kufanya kazi ya kupikia watu, na kwa sababu ni jambo la mwili wako. Ni haki yako kulijua.

Unajua nilizaliwa Nyangwe, katika nyumba ya mvuvi. Babu yako alikausha samaki kwa moshi juu ya kichanja. Kabla ya kuwashusha alikuwa akimchukua mmoja na kumvunja katikati, karibu na uti. Akikuta nyama imeshikamana na mfupa na bado inang'aa, aliwaacha wote juu ya moshi, akaongeza kuni. Sisi watoto tulikaa pale na njaa yetu tukisubiri. Siku moja nilimwibia mmoja kabla hajaiva, nikamla nyuma ya nyumba, na tumbo likaniuma siku tatu. Babu yako hakunichapa. Alisema tu, "Sasa unajua." Mimi sikujua kitu. Nilichokuwa nakijua ni kwamba naichukia ile subira.

Nilipokuwa kijana nikahamia hapa Kasongo, nikajifunza kuchoma nyama ya nguruwe, na nilichokipenda katika kazi hii ni haraka yake. Mtu anakuja na kiu yake, anakaa, anataka nyama sasa hivi. Unapepea makaa yanakuwa mekundu, nje ya nyama inakauka vizuri, mafuta yanadondoka, harufu inawaita wanaopita na baiskeli zao. Ndani bado kuna damu. Nyama ikiiva sana inapungua na kuwa ngumu, kila mchomaji anajua hilo. Yangu haikupungua. Watu walisema, "Twende kwa Papa Sifa, nyama yake iko laini." Nililipenda sana lile neno.

Nguruwe wengine, ukiwavuta ulimi ukapapasa chini yake, unakuta vitu vidogo vigumu. Ukimchinja wa namna hiyo unavikuta ndani ya nyama yenyewe, vipovu vidogo vyenye maji, kila kimoja na doa jeupe katikati. Sisi wachomaji tuliviita mchele. Wenzangu waangalifu walikuwa wakimkataa nguruwe mwenye mchele. Mimi nilimchukua, maana mwenye nguruwe anakuwa na haraka ya kumtoa na hasumbui. Vile nilivyoviona nilivifukua kwa ncha ya kisu nikavitupa chini, vingine vikabaki. Na kila nyama niliyochoma niliionja mwenyewe kabla ya kuitoa, ikiwa nusu mbichi, mara nyingi kwa siku moja. Hivyo ndivyo tegu alivyoingia tumboni mwangu. Ni yule mnyoo mrefu, bapa kama utepe.

Nilijua nina kitu. Nilikuwa naona vipande vyeupe nikienda haja, na mara nyingine nilivikuta kwenye kaptula. Niliona haya. Mwanaume mzima mwenye watu wanaomheshimu, aende kumwambia nani habari kama hiyo? Nilitafuna mbegu za papai, nikanywa majani machungu, vikapotea wiki mbili tatu, kisha vikarudi. Mama yako hakujua. Niliishi nalo jambo hilo miaka, na baada ya muda nikalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Choo pia hatukuwa nacho, niseme kweli. Tulikuwa na migomba nyuma ya nyumba, na nguruwe wangu walizunguka humohumo. Nikitoka huko nilirudi moja kwa moja kwenye mbabula yangu ya makaa kuchoma nyama. Mikono nilipangusia kitambaa kilekile nilichopangusia kisu.

Na wewe ulikuwa ukitoka shule unakuja pale pale. Unakaa upande ambao moshi hauendi, unanisimulia nani amepigwa na mwalimu na nani amelia. Nilikuonjesha nyama, nikakufinyangia tonge la bugali, nikalichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, nikakutia mdomoni, ingawa ulikuwa mkubwa na ulijua kula mwenyewe. Mama yako alinigombeza, "Unamuharibu huyu mutoto." Mimi nilicheka. Katika siku nzima hapakuwa na saa niliyoipenda kama ile.

Ulianguka siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Ulikuwa mlangoni unavua viatu. Nilidhani umejikwaa. Halafu nikaona mguu unapiga sakafu na macho yamegeuka, na mama yako akaanza kulia kwa sauti kama kwenye msiba. Ilikwisha upesi, lakini mimi niliona kama asubuhi nzima. Ulipoamka uliuliza kwa nini mdomo una damu.

Kilirudi baada ya wiki moja, kisha shuleni, mbele ya watoto wote. Wenzako waliogopa kugusa mate yako. Mwalimu alikuja nyumbani kwa adabu, akasema labda upumzike kwanza. Watu kanisani wakaanza kuacha nafasi kwenye benchi letu. Mama yako alitaka twende kituo cha afya. Mimi nilikataa. Nilisema kifafa haiko ugonjwa wa hospitali, kila mtu anajua. Huko ndani yangu niliogopa kitu kingine. Niliogopa wauguzi waulize maswali, na maswali yafike mpaka kwenye kaptula yangu.

Nilikupeleka kwa mtu mmoja wa maombi, nje ya mji. Tulikaa kwake siku nyingi. Alitaka ufunge kula, na wewe ukafunga, mtoto wa miaka tisa. Ulianguka mara tatu kule. Siku moja akaniita pembeni, akaniuliza, "Hapo karibu na kwenu, nani anawachukia?"

Nikamtaja Mama Salima.

Ndiyo, yeye huyuhuyu jirani yetu, aliyekushonea hii nguo ya safari. Wiki chache kabla hujaanza kuanguka, nguruwe wangu wawili waliingia uani kwake wakafukua mihogo yake yote. Yeye ni Mwislamu, mjane, nguruwe kwake ni haramu hata kuwagusa, na ilibidi awafukuze kwa fimbo mpaka njiani. Alikuja kwangu bila kupaza sauti. Alisema, "Papa Sifa, hawa nguruwe wako watakuletea shida ndani ya nyumba." Nilimjibu vibaya mbele ya wateja, nao wakacheka. Sasa, kwa yule mtu wa maombi, maneno yake yakanirudia yakiwa na maana nyingine. Alisema nguruwe watatuletea shida, na shida imekuja. Kwangu mimi ushahidi ulikuwa umekamilika.

Sikuishia kwa yule mtu. Niliyasema kwenye mbabula yangu, nikiwa napepea makaa, kwa kila aliyeniuliza hali yako. Unajua Mama Salima anaishi kwa vitumbua, anavyovichoma asubuhi pale karibu na njia ya soko. Haikupita wiki mbili watu wakaanza kumpita. Akina mama waliwavuta watoto wao mkono wasisimame pale. Jioni nilimwona anarudi na beseni limejaa kama lilivyotoka. Aliniona namtazama. Alinisalimu. Mimi sikuitika.

Katika maisha yangu nimefanya makosa mengi, Sifa, na mengine nikiyakumbuka nacheka. Hili sijawahi kulicheka.

Siku iliyobadilisha mambo mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kijijini kutafuta nguruwe. Wewe ulikwenda bombani na kidumu chako cha njano, na ukaanguka pale, kwenye saruji. Waliokuwa kwenye foleni wakakimbia wote. Mama Salima alikuwa mwishoni mwa foleni. Naandika kama alivyonisimulia mama mwingine aliyetazama kwa mbali. Alivua ukaya wake wa kichwani, akaukunja, akauweka chini ya kichwa chako. Alikugeuza ubavu ili mate yatoke. Hakukushika kwa nguvu, hakukutia kitu mdomoni. Alikaa chini kwenye maji yale, akingoja, anaongea na wewe polepole. Ulipotulia alimsimamisha kijana mwenye baiskeli, wakakupandisha, yeye akakushika mgongo mpaka kituo cha afya.

Mimi narudi nasikia, "Mama Salima amemchukua mutoto." Siandiki nilichokuwa nimekiwaza njiani. Nilifika kituoni jasho linanitoka, nikakukuta umekaa kitandani unakula kitumbua.

Muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita titulere, alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Alikuwa ameshika mkono wako wa kushoto.

"Papa Sifa," akasema, "hiki kivimbe hapa chini ya ngozi kiko na muda gani?"

Kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe. Sikuwahi kukiona. Mkono niliokuwa naushika kila siku.

"Sijui," nikasema.

"Kiko kingine mgongoni. Kwenu munakula nguruwe?"

"Ni kazi yangu. Unajua."

"Najua. Na wewe mwenyewe, ukienda haja, unaonaga vipande vyeupe, kama utepe?"

Mama Salima alikuwa amesimama dirishani. Mama yako ndiyo kwanza anaingia. Nikasema, "Hapana."

Titulere hakubishana. Aliandika karatasi, akasema kesho yake tukupeleke kwa daktari wa hospitali. Wakati wa kutoka Mama Salima alichukua ukaya wake uliolowa, akaukamua, akaondoka. Hakuna aliyemwambia aksanti. Mimi ndiye niliyepaswa kusema.

Hospitalini daktari alikupiga ganzi kidogo mkononi, akapasua, akatoa kile kivimbe, akakiweka kwenye kisahani cha chuma. Wewe uliangalia ukutani, ulikuwa jasiri kuliko sisi. Akanisogezea kisahani. Mle ndani kulikuwa na kipovu kidogo chenye maji, na doa jeupe katikati.

Sifa, nilikijua. Nilikuwa nimevifukua vile kwa ncha ya kisu miaka na miaka. Ulikuwa mchele.

Daktari alianza kunieleza ni kitu gani. Nilimkatiza. Nikasema, "Dokta, nilidanganya. Ninavyo vile vipande. Ninavyo muda mrefu." Nilisema mbele ya mama yako, na hata leo sijasahau alivyogeuza shingo kuniangalia.

Daktari hakunikaripia. Alivuta kiti akakaa karibu. Alieleza kwamba nyama ya nguruwe yenye ule mchele, isipoiva mpaka ndani, inamletea mtu tegu tumboni. Huyo tegu anaweza kukaa humo miaka mtu anafanya kazi zake. Lakini anataga, na mayai yake yanatoka na choo, madogo mno, hayaonekani kwa macho. Yanakaa kwenye mikono isiyooshwa, chini ya kucha, kwenye maji. Mtu mwingine akiyameza, hayawi tegu tumboni mwake. Yanapasuka, yanasafiri kwenye damu, yanakwenda kujifungia popote, kwenye ngozi, kwenye misuli, kwenye kichwa. Yakikaa kichwani ndipo mtu anaanguka. Nguruwe naye anayapata hivyohivyo, akila tunachokiacha migombani.

Nikamuuliza, "Ni ile nyama niliyomuonjesha mutoto?"

Akasema, "Si nyama uliyompa. Ni mkono uliompa."

Niliona tonge la bugali. Niliona saa niliyoipenda kuliko zote.

Hapo mwanangu sitakaa sana, maana nilikaa hapo miaka, na hakuna faida iliyopatikana. Nitasema tu kwamba mama yako hakunena nami siku tano, na siku ya sita aliniwekea chakula na beseni la maji na kipande cha sabuni, akasimama akiniangalia ninavyonawa mpaka kwenye kiwiko. Anaangalia mpaka leo, umeshaona.

Mimi nilipewa dawa yangu nikameza, na yule mgeni akatoka. Kazi ya siku moja, niliyoikimbia miaka. Wewe ulilazwa, kwa sababu dawa ya kuua vile vipovu inaweza kukisumbua kichwa vikianza kufa, na daktari alitaka kukuona kwa macho. Kisha kikaja kile kidonge cha jioni. Ulianguka mara mbili mwaka ule, mara moja mwaka uliofuata, na baada ya hapo hapana tena. Ulipokuwa na miaka kumi na nne daktari akaanza kukupunguzia kidogo kidogo mpaka ukaacha. Shule ulirudi, ukawapita wale waliokuacha nyuma. Siku ulipopata diploma yako nilikunywa kidogo zaidi ya kawaida, na sasa unajua sababu.

Imebaki habari ya Mama Salima.

Nilikwenda kwake na mama yako siku ya pili baada ya wewe kutoka hospitali. Alitukaribisha barazani, akaleta viti. Nilimwambia yote, na la tegu pia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake iko kwenye mapaja.

"Papa Sifa," akasema, "siku ile nilikuambia nguruwe wako watakuletea shida. Sikusema uchawi. Niliwaona wanakula migombani kwenu, kule mnakojisaidia, halafu jioni munawala wao. Hiyo ndiyo nilisema. Hukuniacha nimalize."

Nikamwomba msamaha.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini hukunitukana hapa barazani. Ulinisemea kule, mbele ya watu. Sasa nenda kule."

Nilikwenda. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa wale niliokumbuka kuwaambia, nikawaambia kwamba ugonjwa wa mwanangu ulitoka tumboni mwangu na mikononi mwangu, na yule mama hana kosa. Wengine walisikitika, wengine waligeuza uso wasicheke. Kwenye kanisa nilisimama wakati wa matangazo. Ilikuwa ngumu, lakini maneno hayakutosha. Asubuhi beseni la Mama Salima lilikuwa bado linarudi limejaa. Watu wanasadiki uchawi upesi, kuuacha ndiyo inachukua muda.

Basi nikafanya hivi. Kila asubuhi nilichukua kigoda changu, nikaenda kukaa karibu na kikaango chake, njiani kabisa, mahali ambapo kila anayekwenda sokoni ananiona. Nikanunua vitumbua, nikavila hapohapo, polepole. Mchomaji wa nguruwe amekaa kwa Mama Salima kila siku ya Mungu, anakula, anawasalimu wapita njia mdomo umejaa. Siku za kwanza tulikaa wawili tu. Nilikula, yeye aligeuza vitumbua. Wiki ya pili alianza kuniuliza habari zako. Wiki ya tatu mwalimu wako alisimama, akanunua viwili. Kisha mwenye baiskeli, yule aliyekubeba. Kisha akina mama. Mwishoni watu walikuja kwa sababu ya kuniangalia mimi, na wakiisha kuniangalia wananunua. Suruali zikaanza kunibana. Siku moja Mama Salima akasema, "Papa Sifa, sasa ondoka, unakula faida yangu," na ndiyo mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Toka siku ile yeye ni mtu wa nyumba hii. Wewe ulikua ukidhani imekuwa hivyo siku zote. Anajua ninakuandikia. Nilimuomba ruhusa nikuambie, akajibu, "Mwambie. Lakini usimfanye alie kabla ya safari."

Kazi yangu ya nyama unaijua ilivyo leo, kwa sababu ndiyo uliyoikuta ukiwa na akili zako. Choo tulichimba mwezi uleule. Nguruwe walijengewa zizi. Mwenye mchele chini ya ulimi nilimkataa hata anayemuuza akinibembeleza. Nyama nikaanza kuichemsha kwanza, ndipo inakwenda kwenye makaa, na vipande nikavikata vidogo. Wateja walikasirika. "Papa Sifa, hii nyama iko ngumu kama soli." Wengi walihama kwenda kwa jirani. Niliwaambia wale wa siku zote kwamba huenda niliwapa kitu tumboni, waende wakaulize dawa. Walicheka wote. Baadaye wawili walinirudia kwa siri, mmoja mmoja, kuniuliza inapatikana wapi. Wengine siwezi kujua. Nilichoma nyama vile miaka kumi na moja, na watu wengine walikuwa wapita njia tu, siwajui hata jina. Hilo nalibeba, na nimejifunza kulibeba bila kuwalemea ninyi.

Sasa unakwenda Salamabila. Shangazi yako ni mtu mwema na ana moyo mkubwa, lakini ni dada yangu, na haraka tumezaliwa nayo pamoja. Wateja wake ni wachimba dhahabu. Wanatoka shimoni na njaa ya kutisha, wanataka nyama sasa hivi, na wanajua kubembeleza. Samaki wanafika kule kwenye gunia, wamekaushwa nusu, nje wakavu na ndani bado wabichi. Nyama ya porini inafika hivyohivyo, nyeusi juu na damu katikati. Wewe mikono yako inajua kupika kuliko yangu, na sina la kukufundisha jikoni. Nimekuambia tu yaliyonitokea nilipokuwa na haraka.

La kifafa, si lazima umwambie mtu yeyote. Atakapopatikana kijana mwema ambaye unataka kumwambia, mwambie bila kuinamisha kichwa. Haukuwa ugonjwa wa laana, wala wa damu ya ukoo wetu, na hauambukizi kwa kugusana. Akitaka maelezo zaidi, mlete kwangu. Mimi nitamweleza, pamoja na habari ya kaptula.

Sasa nikuambie kwa nini siogopi unavyoondoka. Mwaka juzi nilikuwa na homa, ukakaa wewe kwenye mbabula peke yako. Nilikuwa nimelala ndani karibu na dirisha, nikasikia sauti ya mfanyabiashara mmoja mkubwa, yule mwenye magari.

"Wewe mutoto, toa hiyo nyama. Iko sawa."

"Bado, Papa."

"Nakuambia iko sawa. Mimi ndiye nakula."

"Ndiyo, Papa. Na mimi ndiye ninayekupa."

Aliondoka. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nilingoja nisikie utafanya nini, kama utaniita au utajuta. Sikusikia kitu ila upepeo wako juu ya makaa, taratibu, kama ulivyokuwa kabla hajaja. Hakuna aliyekuwa amekueleza habari hizi zote, na wewe ulikuwa umeshajua kumwambia mtu mkubwa asubiri. Homa yangu ilishuka jioni ile, nadhani kwa furaha.

Nasikia sauti ya mama yako njiani, anabishana na mtu kuhusu ile kamba. Nakunja karatasi hizi na kuziweka chini kabisa ya mzigo wako, chini ya nguo, ili uzikute ukiwa umeshafika na umeshakula kwa shangazi yako. Kama zitakufanya unikasirikie, kasirika, nitakuwa mbali na utakuwa na nafasi. Kama utanisamehe, usihangaike kuandika. Siku utakayorudi likizo nipikie kitu, chochote, samaki au nyama. Mimi nitanawa mikono, nitakaa chini, na nitangoja mpaka uniambie tayari.

Baba yako anayekupenda,
Papa Sifa